Tulivyozitayarisha Boti za Maskati kwa Theluji

Nyinyi mlioajiriwa karakana ya boti mwaka huu, nakuandikieni nyie, na tafadhalini msianze kucheka kabla sijafika popote. Najua umri wangu. Nna miaka ishirini na minane na nimestaafu. Nyumbani kwetu Mabela, Bibi akitaka kunituma mkate anaita, "Mstaafu! Hebu njoo." Watu husubiri mpaka mvi ziwatoke ndio waanze kuwapa vijana nasaha. Mie subira hiyo sina. Nikingoja miaka thelathini, nusu ntakuwa nishaisahau na nusu ya pili nishaitia chumvi. Bora nikupeni sasa, ikiwa bado mbichi.

Kazi yangu ilikuwa injini za boti, zile zinazokaa ndani ya tumbo la boti, si hizi za kuning'inia nyuma. Nilimaliza sekondari, alama zangu hazikunifikisha chuo kikuu Al Khoudh, zikanifikisha bandarini. Mudiri wa karakana ni binamu yake baba. Nyumbani namwita Ami Harith, kazini Mudiri. Yeye nyumbani ananiita Zahor, na kazini haniiti kabisa.

Aliyenifunza ni Fundi Katana, mtu wa Kilifi, ambaye kaishi Maskati miaka mingi kuliko mie, na mie nimezaliwa hapa. Siku yangu ya mwanzo aliniacha na boti iliyopandishwa juu ya trela, akaenda kutafuta spana. Nikaiwasha, nisikie inavyonguruma. Ikanguruma vizuri sana. Sasa injini hizi zinapozwa na maji ya bahari, na juu ya trela bahari haipo. Ule mpira unaozunguka ndani ya pampu ya maji ukaungua. Fundi aliporudi alisimama mlangoni, akanusa.

"Kijana, umeoka nini?"

"Nilitaka kuisikia tu, Fundi."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, umepata kunusa pia. Sasa utabadilisha huo mpira upate na kushika."

Nikaubadilisha, saa tatu nzima, na vidole vikatoka damu. Tangu siku ile sijawasha injini kavu. Hilo ni somo la kwanza na ni bure. La pili liliniachisha kazi.

Kwanza niwaelezeni karatasi ya baridi, maana najua mmeshapewa na hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Injini zetu zinatoka nchi ya baridi. Huko, msimu wa theluji ukikaribia, lazima boti ilazwe: maji yote yamwagwe kutoka ndani ya injini, itiwe dawa ya pinki isiyoganda kama maji, ifunikwe, ilale mpaka jua lirudi. Kiwanda kinasema kila boti duniani ifanyiwe hivo kabla ya mwezi wa kumi na moja kwisha, na karatasi ijazwe, la sivyo dhamana imekufa. Duniani, kwao, ni pamoja na Maskati.

Sasa mwezi wa kumi na moja Maskati kuna nini? Ndio kwanza watu wanazima viyoyozi. Jua limelainika, bahari imetulia, kila mwenye boti anaitaka Ijumaa ile ile akawaoneshe wageni pomboo. Yaani mwezi ambao kiwanda kinaamuru boti zilale ndio mwezi Maskati nzima inaziamsha. Ukimwambia mtu, "Ami, boti yako tunailaza," anakwambia, "Akalazwe mamako."

Basi tukilaza karatasi. Boti ziko baharini, karatasi ziko mezani na chai ya karak. Swali: je, theluji yote imeondolewa juu ya boti? Tunaangalia dirishani. Tiki. Je, boti haikai chini ya paa linaloweza kudondosha barafu? Tiki. Wallahi, kwa upande wa theluji karakana yetu haikupata kufeli hata mara moja, na hizo zilikuwa tiki za halali. Tatizo ni kwamba chini yake yamo maswali mengine. Je, maji yamemwagwa kutoka kwenye injini? Je, dawa imetiwa? Na kalamu ikishapata kasi haisimami. Tiki ya kweli na tiki ya uongo zikakaa safu moja, zimevaa kanzu moja, huwezi kujua nani nani.

Kujaza ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa bingwa. Sekunde arubaini karatasi nzima. Nilikuwa na kalamu tatu za rangi mbalimbali, ionekane kazi imefanywa siku tatu. Halafu nachovya kidole gumba kwenye oili, nabandika pembeni. Oili safi lakini, iliyotumika inachafua sana. Nikimaliza nampelekea Fundi, maana mwenye cheti ni yeye peke yake.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

Anatia sahihi. Alikuwa ananiamini, na mie nilidhani kuaminiwa ni sehemu ya mzaha.

Dawa yenyewe ya pinki ilikuwa inaletwa kila mwaka, madumu kwa madumu, kwa hesabu ya boti. Hatukufungua hata moja. Moja lilizuia mlango wa stoo usijifunge, manne yalishikilia turubai la kivuli cha gari ya Mudiri, na moja lilikuwa kiti changu cha chai. Nililikalia miaka, sikupata kusoma lililoandikwa.

Mwezi wa saba je? Mwezi wa saba, mnajua wenyewe, ukiacha spana juani ukaishika unaiachia na ngozi. Hapo ndipo boti zetu zinapokufa: betri zinavimba, mipira inapasuka, mafuta yanaharibika ndani ya tangi. Nikamfata Mudiri, nikamwambia tutengeneze na karatasi ya joto. Akanitazama kwa huruma.

"Kiwanda kimeuliza joto?"

"Hakijauliza."

"Khalas."

Mwaka wangu wa mwisho akaja Mzee Rashid wa Ansab. Boti yake nilikuwa naijua vizuri, inaitwa Thuraya, jina la marehemu mkewe. Mwanawe anafanya kazi nchi ya barafu, kanunua nyumba karibu na ziwa, na Mzee akaamua kumpelekea boti ile aliyofunziwa kuogelea ubavuni mwake. Alhamisi asubuhi kaja kuiaga. Kaipapasa, kaizunguka.

"Mwanangu, itafika salama?"

"Itafika, Mzee. Boti zinasafiri kila siku."

"Kule itawekwa nje, kwenye theluji, mpaka mwezi wa nne. Hamna neno?"

"Hamna neno, Mzee. Karatasi ya baridi ishajazwa."

Na kweli ishajazwa. Sekunde arubaini. Fundi akatia sahihi, tukaizungushia plastiki nyeupe, Mudiri akafunga lakiri yenye nambari, nambari ikaandikwa kwenye karatasi. Lori lilikuwa lije Jumapili asubuhi kuichukua kwenda kupakiwa melini.

Sasa mtaniuliza: kijana umekaa karakana miaka yote hiyo, hujui kwa nini maji yanatolewa? Ntasema kweli. Nilijua yanaganda. Lakini nilidhani yakiganda yanakaa tu, halafu yanayeyuka, basi. Barafu mie nimeijua kwenye bilauri. Kwetu haijapata kumdhuru mtu.

Ijumaa baada ya sala tumekaa kwa Bibi, wali wa nazi na mchuzi wa papa, Ami Harith naye yupo kama kila Ijumaa. Mara Bibi anapiga kelele jikoni.

"Nani kanitilia chupa ya sharubati kwenye friza? We Zahor!"

Ilikuwa yangu, chupa ya kigae, ya kioo, nilitia jana ipate baridi haraka nikaisahau. Imepasuka, chini imetoka nzima kama kisahani, sharubati imesimama peke yake, nyekundu, na mikato yote ya chupa.

"Si imeganda tu, Bibi."

"Imeganda tu? Maji yakiganda yanavimba, mwanangu! Yakikosa pa kwenda yanavunja nyumba. Umesoma miaka kumi na mbili, hukufunzwa?"

Pengine nilifunzwa. Lakini hapo ndipo niliposikia. Nikaona tumbo la injini ya Thuraya, chuma kilichojaa maji mpaka kwenye pembe, kimekaa kwenye theluji mpaka mwezi wa nne. Nikarudi ukumbini, nikamnong'oneza Mudiri.

"Ami, boti ya Mzee Rashid ina maji."

"Ina karatasi."

"Ami, ina maji."

"Zahor, ina karatasi. Ina na lakiri. Kula wali."

Nikatoka uani nikampigia simu Fundi Katana. Nilitegemea atanitukana. Nikasikia tivii yake nyuma, mpira.

"Hukutoa maji."

"Sikutoa."

"Ukaniambia umeangalia."

"Nilikwambia, Fundi."

"Sikiza. Injini ikipasuka kule, wataitafuta sahihi ya nani? Yako? Kibali changu kinaisha mwezi wa tatu. Mudiri atawekewa karatasi mbili, ya kunibakisha hapa na ya kunirudisha Kilifi. Na wanangu watatu wako shule."

"Sasa tufanye nini?"

"Kesho saa moja asubuhi uwe karakana. Na ujue kama ile dawa yetu bado dawa, maana imekaa juani miaka mingi kuliko mimi."

Karakana nzima haina kitu cha kupimia hilo. Nchi ya baridi iliyo karibu ni friza ya Bibi. Nikaenda mbio nikachukua lile dumu langu la kukalia, nikajaza chupa mbili za kigae mpaka kwenye shingo, moja maji, moja dawa, nikazizika chini ya sambusa alizoziweka kwa ajili ya Ramadhani. Asubuhi nikazitoa. Ya maji imepasuka vipande. Ya pinki imekuwa laini kama barafu ya kukwangua, kijiti kinapita, na chupa nzima, haina hata ufa. Nilifurahi mpaka nikaacha mfuniko wa friza wazi. Bibi akakuta vigae ndani ya sambusa. Maneno aliyosema sitayaandika, hii ni karatasi ya nasaha.

Saa moja Fundi yuko pale. Kakata lakiri kwa koleo, kakata plastiki, hakunisalimu. Akanipa kitabu cha injini, kile tulichokuwa tunakiwekea vikombe, akasema, "Soma kwa sauti." Ndio ikawa hivo: mie nasoma, yeye anatafuta kwa mkono. Kazi tuliyoitolea ushahidi mamia ya mara, tukaifanya siku ile kwa mara ya kwanza.

Chini ya injini mna plagi mbili za kumwagia maji, kulia na kushoto. Ya kushoto ilikuwa imeshikana kwa kutu, ikafunguka kwa mafuta na matusi ya Kigiriama. Maji yakatoka, mengi, ya siku nyingi, yananuka. Ya kulia ikafunguka mara moja. Haikutoka hata tone.

"Alhamdulillahi," nikasema, "huku pakavu."

Fundi akaniangalia.

"Tundu likinyamaza, ni kwamba halina la kusema?"

Akachukua henga ya nguo iliyokuwa imetundikiwa koti lake, akaikata kwa koleo, akapata waya mrefu, akaukunja ncha. Akautia tunduni, akachokoa. Kwanza ukatoka ungaunga wa kutu. Akachokoa tena. Likatoka tope la chumvi, zito, kama uji. Akachokoa tena, halafu maji yakaja yote kwa pamoja, yakamlowesha mpaka kwapani. Nilikinga ndoo. Bilauri nne, tano, sikumbuki. Yalikuwa yamekaa pale nyuma ya tope, kimya, yanangoja theluji.

Hili ndilo somo, vijana, na kama mtasahau kila kitu lichukueni hili. Fungua plagi, na ikitoka maji au isitoke, chokoa. Mpaka waya ugonge chuma. Halafu toa bomba la mpira lililo chini ya pampu, hapo nako yanajificha. Halafu mabomba ya ekzosi, chini kabisa. Usitie dawa kabla maji hayajaisha, utaizimua dawa na itakuwa kazi bure. Ukishamaliza, chovya mpira wa kunyonya maji ndani ya ndoo ya dawa, washa injini, na usitoke hapo. Ngoja mpaka nyuma kwenye ekzosi itoke pinki. Si waridi hafifu. Pinki. Kama kilemba cha harusi.

Tulimaliza alasiri. Fundi akanawa mikono, akasema neno la kwanza ambalo halikuwa amri.

"Sahihi yangu nilikuwa naiona kitu kidogo."

Mie nikafagia.

Jumapili Mudiri kaona plastiki mpya na hakuna lakiri. Lakiri mpya haitoki bila karatasi mpya, na karatasi mpya haikubaliki kwenye kompyuta bila sababu ya kurudia. Akanifungulia mashine, tukaangalia sababu walizotupa kuchagua: theluji kupita kiasi, mafuriko, wizi, kosa la fundi, nyinginezo. Lori liko nje linanguruma.

"Chagua kosa la fundi," akasema Mudiri.

"Fundi hakukosa, Ami."

Hakunisahihisha kwamba kazini yeye ni Mudiri. Akavuta kiti karibu. "Zahor, wewe ni mtoto wetu. Katana mgeni, yaani, leo yupo, kesho hayupo, wageni ndio walivyo. Bonyeza hapo, mafi mushkila, hamna tatizo, sote tunakula wali Ijumaa."

Dirishani namwona Fundi anafunga mikanda ya boti juu ya lori, anavuta kila mmoja mara mbili. Mshale ukiuweka kwenye kosa la fundi, mtu yule anarudi Kilifi mwezi wa tatu, na hatajua ni kidole changu.

Nimesema sina subira. Ni aibu yangu kubwa, imeniunguzia pampu na imenipasulia chupa, lakini siku ile ilinifaa. Mudiri alipokuwa bado anatafuta maneno mazuri, mie nishachagua nyinginezo, nishaandika: "Karatasi ya mwanzo nilijaza mie Zahor kwa sekunde arubaini bila kuigusa injini. Fundi alitia sahihi kwa kuniamini. Maji yalikuwamo. Sasa hayamo." Nikabonyeza. Mudiri akasema "La!" lakini ishakwenda.

Jibu likaja baada ya wiki mbili. Kiwanda kinashukuru kwa ukweli wangu na kinauliza ni nani msimamizi wa mtu huyu. Mudiri akaniita, tena kwa jina, akanisukumia barua inayosema naacha kazi kwa hiari yangu. Hata hiyo ilikuwa na kisanduku. Nikatia tiki.

Na kiwanda kikajifunza, msidhani hakikujifunza. Kimetengeneza karatasi ya pili, ya kuthibitisha kwamba karatasi ya kwanza imejazwa kweli. Nasikia ina maswali kumi na tisa. Nasikia pia kuna mmoja kati yenu anaimaliza kwa sekunde thelathini. Kijana, sikutaji.

Kibali cha Fundi Katana kimeongezwa. Haniachi hivihivi, akinipigia simu huanza na, "Umeangalia?" na mie nalazimika kucheka.

Mwezi wa nne Mzee Rashid kaja Mabela na simu yake, kakaa ukumbini kwa Bibi kavaa kofia mpya. Katuonesha: ziwa, barafu bado inaelea pembeni, mwanawe kavaa majaketi mawili, majirani wamekusanyika kutazama boti ya Maskati. Mwanawe kageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikazima. Mzee akanishika mkono, na kucha zake zikaingia. Mwanawe kageuza tena. Ikawaka, ikatulia, ikawa inasema kwa ile sauti yake nnayoijua. Mzee kaicheza tena ile video tangu mwanzo, na pale inapozima akanishika mkono tena, kana kwamba hajui mwisho wake.

"Na hii ndio kazi waliyokufukuzia?" Bibi akauliza.

"Nimestaafu, Bibi."

"Haya, mstaafu, kamletee mgeni sharubati. Na uangalie usimletee ile chupa yako."

Maana ile chupa ya pinki bado iko frizani mwake. Kaibandika kikaratasi kwa mkono wake, SI SHARUBATI, na hataki iondoke. Kila mgeni akija, chupa hutolewa akaoneshwa kwamba haijapasuka.

Waya wa Fundi upo karakana, juu ya mlango wa stoo, upande wa kulia, umekunjwa ncha. Kwenye karatasi hamtauona. Hauna kisanduku chake. Uchukueni, mchokoe.